Milango Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Kaka yangu wa Meza ya Saba,

Salamu nitazileta mwishoni, maana nikianza nazo nitakuwa nimepata pa kujifichia, na barua hii itageuka ya mvua na masomo kama zile zangu zote. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si Baba, si Shangazi, si yule rafiki yangu mmoja wa darasani. Zile fomu arobaini za mwezi wa kumi, ambazo Shangazi, mama yako, alizituma huko ofisini kwenu zikiwa zimefungwa kwa utepe, sikumhoji mtu hata mmoja. Nilizijaza mwenyewe.

Basi, nimeandika.

Unakumbuka Shangazi alivyovunjika kifundo cha mguu zikiwa zimebaki siku nne za kazi. Majengo mengine yote ya eneo hili alikuwa amekwisha kuyahoji mwaka juzi, yakaingizwa kwenye ripoti iliyopita. Lilibaki hili letu, ambalo alikuwa ameliweka mwisho kwa kuwa alidhani ndilo rahisi. Akaniita kitandani, akanivisha kitambulisho chake shingoni. Akasema watu watajibu kwa lugha ya nyumbani, wewe utaandika kwa lugha ya shule kama ofisi inavyotaka, na isitoshe wote wanakujua. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Mlango wa mtu nisiyemjua labda ningeugonga. Lakini mtu anayenijua, anayejua kwamba hata kusalimia nasalimia viatu vyake, nikasimame mbele yake nimuulize umri wake na anachokiogopa?

Nilikwenda mlango mmoja. Mama wa ghorofa ya kwanza alifungua akiwa na mwiko mkononi, akauliza nani kanituma. Nikasema samahani, nimekosea mlango. Kaka, nimezaliwa ndani ya jengo hili. Alinitazama mpaka nilipopinda ngazi.

Nikapanda moja kwa moja hadi kwenye paa, nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji alasiri tatu mfululizo, na fomu mapajani. Swali la kumi na nne unalijua kuliko mimi: je, unajisikia salama kupita karibu na makazi yako jua likishazama? Nilijiuliza mimi, mara arobaini. Umri nilibadilisha, kazi nilibadilisha, idadi ya watoto nilibadilisha, lakini aliyekuwa anajibu ni mimi, na mimi naogopa kila kitu. Tisa niliwafanya majasiri ili fomu zisifanane. Kwa hiyo ile "watu thelathini na mmoja kati ya arobaini hawajisikii salama", iliyobandikwa sasa mlangoni pa ofisi ya mtaa kwa wino mzito, ni mtu mmoja. Yuko hapa anakuandikia.

Wamesema kwa sababu ya namba hiyo, kijilango cha ukuta wa reli kitazibwa kwa matofali. Kile kile tunachopitia kwenda upande wa pili. Mkutano wa kuamua ni Jumamosi tarehe 29. Silali vizuri.

Nifanye nini? Usipige simu, simu anashinda nayo Shangazi. Nijibu kupitia kwa mwalimu wa maktaba, kama barua hii anavyoituma yeye pamoja na vifurushi vyake vya basi. Haulizi maswali.

Shangazi anakusalimu. Anasema umekuwa mkubwa siku hizi, hupigi simu. Anasema huku anacheka, ila simu anaitazama.

Mdogo wako,
Kimya


Jumamosi, 8 Machi

Kimya,

Barua yako nimeisomea chooni, kwa sababu hapa ofisini mtu akionekana na karatasi isiyo fomu anaulizwa kwao nani kafa. Kwanza pumua. Pili kunywa maji. Tatu nisikilize.

Kwa ripoti ya mwaka huu tuliingiza fomu elfu sita na mia mbili. Zako ni arobaini. Hata nikizichukua zote nikazitupa nje ya dirisha, asilimia ya nchi nzima haisogei unywele. Namba kubwa ina tumbo kubwa, mdogo wangu. Kila mwaka inameza uvivu wa makarani, uongo wa wahojiwa na mwandiko mbaya wa watu wote, na haivimbiwi. Jirani yangu wa Meza ya Nane aliwahi kuingiza mzee wa miaka mia nne na kumi. Dunia iliendelea, na mzee yule nadhani bado yu hai kwenye jedwali.

Halafu jiulize, una hakika gani kwamba wasingejibu vile vile? Watu wanaogopa. Pengine ulibahatisha ukweli, ukawaokolea muda.

Kuhusu kijilango, ofisi za mitaa hupenda kuziba vitu. Wakikosa ripoti watatumia ndoto.

Lakini kuna jambo moja nataka ulijibu, na ulijibu vizuri, usilipitie juu juu: Mama alijua? Alikuwepo ulipokuwa unajaza? Alikwambia ujaze?

Ukishanijibu hilo, tusiandikiane tena habari hizi. Hii ichane vipande vidogo.

Kaka yako


Jumatano, 12 Machi

Kaka,

Nimeichana. Nimechana na bahasha.

Hakujua. Alikuwa amelala chali, mguu juu ya mito miwili, anapigia simu ofisi yenu kuwaambia kazi inaendelea. Nilikuwa nikishuka jioni namsomea majibu, naye anafumba macho anasikiliza. Anasema, huyo ni yule mama wa ghorofa ya nne, namtambua hata jina lisipotajwa. Kaka, alikuwa anawatambua! Watu niliowabuni dakika kumi zilizopita, anawatambua kwa tabia. Nami nafungua fomu inayofuata.

Mbaya zaidi ni kwamba wananisifia. Baba aliwaambia wageni, huyu mnayemwona kimya ameongea na watu arobaini. Kumbe ana mdomo! Na Shangazi ameahidiwa kwamba msimu ujao atakuwa msimamizi wa makarani, kwa sababu ya usafi wa fomu zake. Usafi. Aliniita akanishika mikono yote miwili. Alisema, "Umenibeba." Sijui kama unaelewa jinsi neno hilo linavyoniwasha.

Umesema namba ina tumbo kubwa. Sawa, lakini ripoti ina ukurasa kwa kila eneo, na mwaka huu ukurasa wetu ni fomu zile arobaini tu. Hapa tumbo ni dogo, Kaka. Hapa ni mimi mtupu.

Na kuna kitu nilikuficha, kwa hiyo barua ya kwanza haikuwa ungamo kamili. Ni lile sanduku la mwisho kwenye fomu, "Maelezo kwa maneno ya mhojiwa". Mengi niliyaacha wazi. Moja nililijaza. Unajua mimi kwenye insha za lugha ya shule sishindwi, mkono unakwenda wenyewe. Niliandika ya mama mmoja: anatoka kazini, amebana mkoba kwapani, anafika kwenye kijilango, mtu anamtokea kwa nyuma anaupora. Anapiga kelele. "Na aliyekaa pale alitazama tu." Nikamaliza hivyo kwa sababu ilisikika vizuri. Yalikuwa maneno ya mtu asiyekuwepo, niliyoyatafsiri kutoka lugha ambayo hayakuwahi kusemwa. Ofisi yenu imeyachapa katikati ya ukurasa, yamezungushiwa mistari. Redioni yalisomwa kwa sauti ya msiba.

Sasa, anayekaa kwenye kijilango ni nani? Ni mmoja tu. Fundi viatu, na kigoda chake, na lile sanduku la misumari.

Nikuambie yote. Wiki ile ya fomu nilipita pale na kiatu cha shule kimeachia soli mbele. Akapaza sauti watu wakasikia: "Bi Kimya, kiatu kimefungua mdomo wewe umefunga wako!" Walicheka mpaka wa ng'ambo ya reli. Alinivua kiatu akakishona bure, bila kuniuliza kitu, nami nikaondoka bila asante. Siku mbili baadaye niko kwenye paa, kalamu mkononi. Sikusema moyoni, ngoja nimkomeshe. Naapa sikusema. Lakini nilipoandika "aliyekaa pale" nilimwona yeye, na sikufuta.

Sasa wateja wamempungua. Mama wa ghorofa ya tatu anasema hadithi ile ni yake, aliyehojiwa ni yeye. Mwezi uliopita ulikuwa mkoba. Wiki iliyopita mkoba na hereni. Jana nilipopita ngazini kulikuwa na kisu. Nyumbani Baba ameweka kijiko chini akasema, mimi mwenyewe nilihojiwa, nikawaambia wazi hapafai. Mimi na Baba tulitazamana. Nikampitishia chumvi.

Hakuna anayeikumbuka namba sawasawa. Wengine wanasema thelathini, wengine nusu ya jengo, wengine jengo zima. Lakini "alitazama tu" wanaijua kwa moyo, na mtu akithubutu kuitilia shaka anajibiwa: kwa hiyo watu wote hao ni waongo? Naona hadithi ndiyo inayowatia hofu, na namba inawaondolea aibu ya kuogopa.

Jana nimepita kwenye kijilango nikiwa nimeinama kama kawaida yangu. Fundi hakupaza sauti. Aliniita taratibu, akaniuliza: "Bi Kimya, wewe msomi. Hivi mimi nilimtazama nani?"

Nilikimbia, Kaka.

Kimya


Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu,

Nilisema tusiandikiane tena. Mimi ndiye ninayevunja.

Umeungama vya kwako, acha na mimi niungame. Fomu zile zilipofika mezani kwangu, nilijua siku ile ile kwamba hazikutoka mdomoni mwa watu. Miaka mitano naingiza fomu, nakwambia mtu halisi hana miaka thelathini na saba. Mtu halisi anasema, "Andika arobaini." Mwingine anasema hamsini na kitu, weka hamsini. Wazee wote wa nchi hii wana sitini kamili mpaka watakapofikisha sabini kamili. Zako zilikuwa na thelathini na saba, arobaini na tatu, ishirini na tisa, hamsini na mbili, kila mmoja na siku yake ya kuzaliwa. Tena, milango arobaini, hakuna aliyekuwa safarini, hakuna aliyekataa, hakuna aliyesema njoo kesho mume wangu hayupo. Hakuna jengo la namna hiyo duniani.

Kanuni iko wazi. Fomu za namna hiyo naziwekea alama nyekundu, anatumwa mkaguzi, anagonga milango upya. Sikuweka. Jina la karani lilikuwa la mama yangu. Niliubadilisha umri wa watu wako, nikawapa arobaini na hamsini zao, nikasukuma rundo mbele. Dakika ishirini, na chai yangu haikupoa.

Nilidhani ni Mama.

Ndiyo sababu sipigi simu. Miezi mitano nimeishi nikijua kwamba mama yangu, aliyenichapa darasa la tatu kwa kunakili hesabu za jirani, amekaa kitandani amebuni majibu ya watu arobaini. Sikumuuliza. Nilimtumia dawa za mguu na salamu fupi. Likizo ya mwisho wa mwaka nilisema kazi zimebana. Kazi hazikubana. Nilikaa chumbani nikatazama ukuta.

Ulipoandika kwamba alikuwa anafumba macho akiwatambua watu, nilirudi kutoka chooni nikainamisha kichwa mezani, msimamizi akauliza kama naumwa. Nikasema meno.

Sasa sijui nikushauri nini. Kama ningeweka alama, mkaguzi angekuja, na isingekuwepo thelathini na moja, wala mama wa mkoba, wala kisu. Wewe uliwasha, mimi nilifunga dirisha moshi usionekane. Lakini nikiweka alama leo, kitakachoitwa kwanza ni jina la Mama, na cha pili ni meza yangu. Usimamizi wake utayeyuka, na mimi sijui nitaajiriwa wapi mtu mwenye ujuzi wa kujua nani kadanganya umri.

Kuna kitu kimoja nakijua kukifanya, nacho ni hesabu. Nenda ukagonge. Ile ile milango arobaini, swali lile lile. Angalau tujue ukweli ni upi kabla hatujaamua nani aumie kwa ajili yake. Najua nakuomba nini. Ningeweza kukuambia usiogope, lakini mimi mwenyewe namwogopa mama yangu kwenye simu.

Andika kila kitu, hata anayekataa. Hasa anayekataa.

Kaka yako


Jumamosi, 22 Machi

Kaka,

Nimegonga.

Sitakueleza mlango wa kwanza, nilisimama mbele yake mpaka taa ya ngazini ikazima yenyewe mara mbili. Mama wa mwiko alifungua kabla sijagonga, akasema nimekuona kwenye tundu muda mrefu, leo umekosea mlango tena? Nikasema hapana. Leo ndio wenyewe.

Siku nne. Kwa milango kumi na miwili ya kwanza nilikuwa nashuka ngazi kuangalia kama moyo bado uko mahali pake. Waliofungua ni thelathini na watatu. Wanne hawakuwepo. Watatu walikataa, mmoja wao akiwa anatafuna kitu na hakuacha kutafuna. Ulikuwa sahihi kuhusu umri. Ni arobaini, arobaini, hamsini, "wewe unanionaje?" Nikaandika hivyo hivyo.

Sasa nikupe namba, na ukae chini. Kati ya thelathini na watatu, wanaoogopa kupita hapa karibu jua likishazama ni ishirini na saba, na wote wanataja kijilango.

Nilihesabu mara tatu kwenye ngazi. Kwa fomu zangu za uongo, walioogopa hawakufika wanane katika kila kumi. Sasa wamezidi wanane. Nilienda kutafuta ukweli wa kuuangusha uongo wangu, nikakuta uongo umeshahamia, umeweka na mapazia. Wameisoma ripoti wakaamini kwamba wanaogopa, na sasa wanaogopa kweli. Mama mmoja alinionyesha mikono yake, ilikuwa na vipele. Huyo hajidai.

Nilirudi kwenye paa nikakaa kwenye tangi. Nilitaka kukuandikia kwamba basi, namba imetimia, tunyamaze. Niseme kweli, nilipumua. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha maji nilifurahi.

Kisha nikashuka nikagonga tena, wale wale ishirini na saba, kwa swali ambalo haliko kwenye fomu yenu: uliona mwenyewe, au ulisikia? Na kama ulisikia, ulianza kuogopa lini?

Ishirini na watano walisikia. Wengi "tangu ile karatasi". Walioona wenyewe ni wawili. Mmoja aliona watu wakigombana, mwaka haukumbuki. Wa pili ni msusi wa ghorofa ya pili. Yeye aliona kitu hasa. Zamani kidogo kijana alimpora mwanamke mtandio pale pale, na fundi viatu aliinuka akamtupia kiatu alichokuwa anakishona, kikampiga kisogoni, mtandio ukaanguka. Kiatu kiliishia relini chini ya treni. Kilikuwa cha mteja, na mteja mpaka leo anakidai. Nikamuuliza, kwa nini basi unaogopa wakati uliona vile? Akasuka kidogo, akasema, "Sasa watu thelathini na mmoja wakose, nipatie mimi peke yangu?"

Nilimwacha mama wa ghorofa ya tatu mwisho, maana ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha kiti, akaanza na kisu. Nikamwacha afike mwisho, nikauliza lile swali langu. Alikunja kanga yake mara mbili mapajani. Halafu akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Mwanangu, mkoba nilipoteza kweli. Pahali nilipoupotezea sipajui. Nilirudi nyumbani sina. Siku niliyosoma ile karatasi ndiyo nikajua ni pale."

Si mwongo, Kaka. Alikuwa na kilio kisicho na mahali pa kukaa, nikamjengea nyumba. Alinisindikiza mpaka ngazini akaniomba nisimwambie mtu kuhusu kisu.

Zimebaki siku saba. Fundi ameanza kupanga kalibu zake za viatu kwenye gunia, mbili mbili.

Kimya


Jumanne, 25 Machi

Kimya,

Nimeisoma mezani, wazi, mbele ya wote. Aliyeuliza kwetu nani kafa nimemjibu hakuna, kuna aliyefufuka.

Leo saa tatu asubuhi nimeweka alama nyekundu kwenye fomu arobaini, na chini yake nimeandika kwamba niliziona mwezi wa kumi nikazipitisha kwa makusudi. Nimeandika pia kwamba karani mwenye jina alikuwa mgonjwa na hakujua. Msimamizi amesoma, amevua miwani, ameniambia nirudi kwenye kiti changu mpaka nitakapoitwa. Bado sijaitwa. Nakuandikia kutoka kwenye kiti hicho, kila mlango ukifunguka nageuka.

Usitegemee hili litawahi mkutano. Karatasi ikitoka hapa mpaka ikafike ofisi ya mtaa, mahindi yanapandwa yanavunwa. Jumamosi atakayesimama ni mtu, si karatasi. Ukiwapa namba tu, watakurushia ile ya kwanza. Ukiwapa ya msusi tu, watakupa ya mkoba. Wape lile swali lako. Mimi mwenye miaka mitano hapa sikuwahi kulifikiria.

Lakini Mama asisikie mkutanoni, wala kwa mkaguzi. Hilo siwezi kulivumilia. Ijumaa saa kumi kamili nitapiga simu, nitamwambia mimi. Yangu kwanza, halafu yako, kwa kadiri ninavyojua. Kama unataka ayasikie yako kutoka kwako, una mpaka saa kumi.

Sijui nitaanzaje. Shikamoo, halafu nini?

Kaka yako, ambaye kwa leo bado ni wa Meza ya Saba


Ijumaa, 28 Machi

Kaka,

Ni saa tisa na robo. Baba yuko kazini. Shangazi alishuka baada ya chakula, na unajua amekwenda wapi? Kwa fundi viatu. Mguu umepona mfupi kidogo, amekwenda kuongezewa soli ya kushoto. Nilimuuliza kama haogopi, maana na yeye ameisoma ripoti, tena ni yake. Alisema amekaa miaka ishirini akiuliza watu wanaogopa nini, hajawahi kujiuliza mwenyewe, na leo hana nafasi. Akachukua fimbo akaenda. Nilibaki na sahani mkononi.

Nimeandika nitakachosema kesho. Kwanza niliandika kwa lugha ya shule, ikatoka vizuri mno. Fomu zilijazwa bila mahojiano kufanyika. Kama barua ya ofisi, hakuna mtu ndani yake, unaweza kuisoma umelala. Nikaichana. Kwa lugha ya nyumbani ni mistari minne tu. Nilitumwa kuwauliza, niliogopa kuwagongea, nikajijibu mwenyewe. Mama wa kwenye karatasi nilimbuni. Aliyekaa pale hakumtazama mtu, alinishonea kiatu. Kisha nitawauliza wale watakaokuwepo wanyooshe mikono, nani aliona kwa macho yake. Na nitasubiri. Kusubiri ndiko kunakonitisha zaidi, ule ukimya kabla mkono wa kwanza haujanyooka au haujakosa kunyooka. Ukimya wa watu wengi si kama wangu.

Huenda wakaziba hata hivyo. Nimejiambia hilo asubuhi nzima ili likitokea nisianguke. Baba atajifunza kwamba hakuhojiwa. Mama wa ghorofa ya tatu atanichukia, na mkoba wake utarudi kuwa hauna mahali. Hayo yote nimeyapanga kichwani kama vyombo kabatini. Kisichokaa ni kimoja tu, uso wa Shangazi. Alinivisha kitambulisho chake shingoni, Kaka. Bado ninacho, kiko hapa mezani, picha yake akiwa kijana anatazama pembeni kidogo kama mtu aliyeitwa.

Nilitaka kumwachia wewe umwambie. Nilipanga saa kumi kasoro dakika tano niende dukani kununua kiberiti tulicho nacho.

Saa tisa na nusu.

Nasikia ngazini. Soli mpya ina mlio wake, nzito, halafu fimbo, halafu ule mguu mwingine. Anapumzika ghorofa ya pili. Anamwambia msusi kitu, wanacheka. Anapanda tena.

Nilikuwa nimeshaisukuma karatasi hii nusu chini ya kitambaa cha meza, kama ninavyofanya siku zote mtu akikaribia. Kitambaa kimevimba pale katikati. Ningeweza kuweka sahani juu yake.

Nimeivuta.

Fimbo imegonga mlango wetu, anatafuta ufunguo, ananiita kwa jina langu lenyewe, si la utani. Barua hii ilikuwa yako, unisamehe ukiipata imechelewa na imeloa. Itasomwa kwanza hapa, na Shangazi. Nakwenda kumfungulia.